Ng'ombe Walitangulia: Historia ya Kuchunguza Kinywa, Pua na Koo, Kutoka Isiolo

Serikali ya kikoloni ilipoitazama kaskazini mwa Kenya iliona mambo mawili: mpaka wa kulindwa na mifugo ya kuzuiwa. Kwa sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902, nchi ile yote iliyokuja kujulikana kama NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikafungwa, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Isiolo, palipo ukingo wa nyanda za Meru na Laikipia na mwanzo wa nchi kame, ndipo palipokuwa lango. Wasomali waliopigana upande wa Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa ruhusa ya kukaa hapo, wakawakuta na kuchanganyika na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Penye lango pakawekwa karantini. Mifugo iliyoshuka kutoka Wajir, Moyale na Marsabit ilisimamishwa, ikapimwa na kuchanjwa, ndipo iruhusiwe kuelekea kusini kwenye mashamba ya walowezi.

Upimaji ule ulianzia kinywani. Mpimaji alimkamata ng'ombe taya, akapenyeza vidole kwenye pengo lililoko kati ya meno ya mbele na magego, akauvuta ulimi upande mmoja, kisha akatazama fizi, kaakaa na chini ya ulimi. Alikuwa akitafuta malengelenge ya ugonjwa wa miguu na midomo. Zaidi ya yote alikuwa akitafuta sotoka.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitaliano huko Eritrea. Katika miaka michache tu ilikuwa imeshateremka hadi kwa Waborana, Wasamburu na Wamaasai, na makundi mazima ya ng'ombe yakateketea. Watu waliokula maziwa na damu wakabaki hawana kitu. Dalili zake zilikuwa za uso: macho kutoka machozi, pua kutoka kamasi nyepesi iliyogeuka usaha, na ngozi laini ya fizi na midomo kufa na kubanduka, ikiacha vidonda vyekundu. Mchungaji aliyeyaona hayo mapema aliwatenga wanyama wake. Aliyechelewa alihesabu mizoga.

Naanza na ng'ombe kwa sababu moja. Kwa muda mrefu katika nchi hii kinywa cha mnyama kilitazamwa kwa bidii kuliko kinywa cha mwanadamu. Mchungaji hanunui ng'ombe, ngamia wala punda bila kufungua mdomo wake. Anasoma umri, njaa na maradhi. Lakini mtoto wa mchungaji huyohuyo anaweza kupelekwa zahanati mara nne kwa homa, akapimwa joto, akapewa dawa, na asiambiwe hata mara moja afungue kinywa. Naamini uchunguzi wa kinywa, pua, koo na sainasi unaofanywa na muuguzi ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu na vyenye kufichua mengi katika tiba yote, na historia yake inatueleza kwa nini ulipuuzwa na kwa nini haupaswi kuendelea kupuuzwa.

Elimu yenyewe ni kongwe. Katika maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates mna onyo kwamba kimeo kilichovimba na kuwa chekundu kisikatwe, kwa kuwa damu na uvimbe vitakavyofuata ni hatari. Onyo hilo lina zaidi ya miaka elfu mbili, na tutakutana nalo tena. Kisha wakaja mabingwa wa ulimwengu wa Kiislamu, ambao kwao tuna deni kubwa. Al-Razi wa mji wa Rayy, Uajemi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika kitabu kilichotenganisha ndui na surua, maradhi ambayo waganga wengi waliyachanganya. Aliandika pia kuhusu mtu aliyeshikwa na mafua kila msimu wa kuchanua kwa mawaridi, na hayo ni miongoni mwa maelezo ya kale kabisa ya pua kuchokozwa na maua. Huko Kordoba, karibu mwaka 1000, al-Zahrawi aliandika namna ya kutazama koo: mgonjwa aketishwe akielekea jua, msaidizi amshike kichwa, mganga aukandamize ulimi kwa kifaa cha chuma chenye kung'aa mpaka mafindofindo yaonekane. Yeyote aliyewahi kuona kliniki ya kuhamahama chini ya mgunga huko Kinna au Merti, Isiolo, anautambua mpangilio huo. Umeme haupo, tochi imekwisha betri, na mama anaambiwa amgeuze mtoto uso aelekee jua.

Jua hilohilo ndilo lililofungua sehemu ya koo ambayo jicho la mwanadamu lilikuwa halijapata kuiona. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba, Mhispania Manuel García, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, na kwa kioo cha pili akaurudisha mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata matokeo yake yaliwasilishwa mbele ya Royal Society ya London, na madaktari wa Ulaya ya Kati wakakipokea kile kioo na kukifanya chombo cha kazi. García aliishi mpaka 1906, akiwa na umri wa miaka 101.

Sainasi, yaani matundu yenye hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, zilichelewa zaidi kueleweka. Leonardo da Vinci alizichora mwaka 1489 kutokana na mafuvu aliyoyapasua, lakini michoro yake haikuenea. Mwingereza Nathaniel Highmore ndiye aliyelieleza kwa kina tundu la mfupa wa shavu, mwaka 1651, na moja ya mambo aliyoyabainisha ni jinsi mizizi ya magego ya juu inavyolikaribia tundu hilo. Ujuzi huo una kazi mpaka leo. Mgonjwa anayelalamikia shavu linalouma na kamasi yenye harufu ya upande mmoja, mtazame magego ya juu ya upande huohuo kabla hujamwandikia dawa ya mafua.

Karne ya kumi na tisa ndiyo iliyoyapa makoo majina ya maradhi. Mfaransa Bretonneau aliitenga dondakoo na maumivu mengine ya koo mwaka 1826. Klebs akakiona kijidudu chake mwaka 1883, na Löffler akakiotesha mwaka 1884. Miaka sita baadaye von Behring na wenzake wakaonyesha kwamba sumu yake inaweza kuzimwa, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya tiba. Dondakoo hujitambulisha kwa utando wa kijivu uliogandamana na koo, ambao ukijaribu kuubandua hutoa damu. Nchini Kenya chanjo yake ilienea kupitia mpango wa taifa wa chanjo ulioanzishwa 1980, na leo wapo wauguzi wenye nywele za mvi ambao hawajawahi kuuona utando huo. Huo ni ushindi. Lakini ni sababu pia ya kuendelea kuufundisha, kwa kuwa watoto wasiochanjwa bado wapo, na wengi wao wako mbali na barabara.

Niruhusiwe kukaa kidogo kwenye surua, maana hapo ndipo ng'ombe na mtoto wanapokutana. Kirusi cha surua na kirusi cha sotoka ni ndugu wa ukoo mmoja. Wanasayansi wanaamini kwamba surua ilichipuka kutoka kwa babu aliyekuwa karibu na sotoka, pale watu na ng'ombe walipoanza kuishi pamoja kwa wingi. Vyote viwili huanza kwa macho mekundu, kamasi na homa, na vyote viwili hujitangaza kinywani. Mwaka 1896 daktari wa watoto wa New York, Henry Koplik, aliandika kuhusu madoa madogo meupe, mfano wa chembe za chumvi juu ya ngozi nyekundu, yanayotokea ndani ya shavu mkabala na magego. Madoa hayo hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana mwilini, kisha hupotea haraka. Anayeyaona amepata nafasi ya kumtenga mtoto huyo kabla hajawaambukiza wengine walioketi naye kwenye benchi. Na kwa ngozi nyeusi, ambayo vipele vya surua havionekani juu yake kirahisi kama vitabu vya Ulaya vinavyochora, ndani ya shavu ndiko kwenye ushahidi wa wazi.

Surua ya njaa ni mbaya kupita surua nyingine. Mtoto aliyedhoofu, asiye na vitamini A ya kutosha, hupata vidonda kinywani hata akashindwa kunyonya na kula, na hapo njaa na ugonjwa hulishana. Kaskazini imeipitia hali hiyo mara nyingi. Wakati wa vita vya Shifta vilivyoanza 1963, serikali mpya ya Kenya iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika kambi za Garba Tulla, Merti na kwingineko, mifugo ikafa au kuuawa kwa maelfu, na watu waliokuwa na ngamia mia wakabaki kupanga foleni ya unga. Watoto waliosongamana wakiwa na njaa ndio surua inaowamaliza.

Ndugu wawili hao, surua na sotoka, wamepata mwisho tofauti. Sotoka imefutwa duniani. Walter Plowright, daktari wa mifugo, akiwa Muguga nje kidogo ya Nairobi, alitengeneza chanjo ya sotoka kwa njia ya kuotesha chembe hai maabarani, njia ileile iliyomfikisha mtafiti Enders na wenzake kwenye chanjo ya surua ya watu mwaka 1963. Chanjo ya Plowright na zilizotokana nayo, zikibebwa mpaka kwenye mazizi na vijana wa jamii za wafugaji wenyewe, ziliusukuma ugonjwa hadi pembe ya mwisho. Kisa cha mwisho kilichothibitishwa duniani kilipatikana mwaka 2001 kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, jirani kabisa na Isiolo, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka haipo tena. Surua ya watoto bado ipo. Ng'ombe walitangulia kukaguliwa, na wakatangulia kuokolewa.

Jamii zenyewe hazikusubiri hospitali ili ziushughulikie mdomo. Mti wa mswaki umeota kando ya Ewaso Nyiro na kwenye malaga, yaani mito ya msimu, tangu zamani, na vijiti vyake huuzwa sokoni Isiolo kwa shilingi chache. Shirika la Afya Duniani liliutambua na kuupendekeza mwaka 1986 pale unapozoeleka, jambo ambalo Waislamu walilijua kwa sunna kwa karne nyingi. Waturkana wa Ngaremara na Wasamburu wa Oldonyiro wana desturi ya kung'oa meno ya mbele ya taya la chini. Wazee hutaja sababu mbalimbali, na moja wanayoitaja sana ni pepopunda: taya likikaza, pengo lile hupitisha maziwa na dawa. Muuguzi mgeni akiona pengo hilo asiandike kwamba mgonjwa amepoteza meno kwa ugonjwa. Aulize.

Upo pia upande wa madhara, na hapa sitapunguza maneno. Kukata kimeo, jambo lililoonywa na maandishi yale ya Kigiriki, ni desturi iliyoenea Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia. Mtoto anayekohoa sana, anayetapika au anayekataa titi hupelekwa kwa mkataji, kimeo kikaondolewa kwa kisu au waya uliopindwa, na familia ikarudi nyumbani ikiamini sababu imeondoka. Kikohozi kilikuwa nimonia au kifua kikuu, nacho kinabaki. Kinachoongezeka ni damu, usaha, pepopunda, na kwa kisu kinachotumiwa kwa watoto wengi, virusi. Vivyo hivyo kwa kile Watanzania wanachokiita meno ya plastiki: ufizi wa mtoto mchanga penye chonge ambalo bado halijaota huonekana mweupe na kuvimba kidogo, mtoto anaharisha au ana homa, basi ufizi unachimbwa na kichipukizi cha jino kutolewa. Tafiti zilizochapishwa miaka ya 1990 kuhusu watoto wa Kimaasai nchini Kenya zilionyesha jinsi jambo hili lilivyokuwa la kawaida, na matokeo yake huonekana miaka baadaye katika meno ya ukubwani yaliyoharibika au yasiyoota kabisa. Muuguzi anayetazama kinywa cha kila mtoto ndiye anayeligundua jeraha mapema, na ndiye mwenye nafasi ya kuzungumza na mama kwa upole kabla mtoto wa pili hajapelekwa kulekule. Mama huyo alikuwa akitafuta tiba. Kumgombeza ni kumfukuza.

Sasa, muuguzi aliingiaje katika historia hii? Kwa mlango wa nyuma. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uuguzi, alitenga sura nzima kwa ajili ya kumwangalia mgonjwa kwa makini, na akaliweka jambo hilo katikati ya kazi ya muuguzi. Lakini hospitali zilizofuata ziligawa kazi: daktari achunguze, sista atekeleze. Kupima mapigo kuliruhusiwa, kuosha kinywa kuliagizwa, kukisoma kinywa kukabaki kwa daktari. Mgawanyo huo ulisafiri na misheni na serikali mpaka Afrika Mashariki, kutoka Mengo, Kampala, ambako Albert Cook alianzisha hospitali mwaka 1897 akiwa na muuguzi Katharine Timpson aliyekuja kuwa mkewe, hadi Nairobi, ambako chuo cha mafunzo ya tiba ambacho leo ni KMTC huhesabu mwanzo wake 1927. Huko Marekani ndiko mgawanyo ulikopingwa waziwazi, mwaka 1965, pale Loretta Ford, muuguzi, na Henry Silver, daktari wa watoto, walipoanza Colorado kuwafundisha wauguzi kumchunguza mgonjwa kikamilifu.

Kaskazini mwa Kenya mgawanyo huo haukuwa na maana tangu mwanzo. Kwenye zahanati ya mbali hapakuwa na daktari wa kumwachia kazi. Alikuwapo dresa, baadaye muuguzi, peke yake, na watu walimwita daktari kwa kuwa kwao ndiye. Sheria ya Wauguzi ya 1983 iliyosimamisha baraza lao iliipa taaluma uti wa mgongo wa kisheria, na miaka ya 1990 utaratibu wa pamoja wa kuhudumia watoto wagonjwa, uliobuniwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ukamwandikia muuguzi huyo mambo ya kuuliza na kutazama. Kwa mtoto mwenye surua au aliyeugua surua hivi karibuni, utaratibu unasema: tazama kinywani kama kuna vidonda, na kama ni virefu au vimeenea, mpeleke hospitali haraka.

Afrika Mashariki yenyewe imeifundisha dunia kupitia kinywa. Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo katika hospitali nyingine. Ripoti yake ya 1958 ilifungua habari za saratani ambayo leo ina jina lake. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari pamoja na wenzake wawili kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeona watoto wa namna hiyo, na kwa hesabu ile ramani ya ugonjwa ikachorwa. Ilikuja kujulikana kwamba kirusi cha Epstein na Barr, kilichogunduliwa 1964, kinahusika, na malaria huuandalia njia. Dalili ya kwanza ambayo mama huiona mara nyingi ni magego ya mtoto kulegea bila sababu. Jino linalocheza kwa mtoto wa miaka mitano, katika nchi ya malaria, halipaswi kupita bila taya kupapaswa.

Kisha ukaja UKIMWI. Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza 1984, na kwa miaka mingi, kabla vipimo havijafika vituoni, kinywa ndicho kilichotoa habari: utando mweupe wa fangasi juu ya ulimi na kaakaa la mtu mzima asiye na sababu nyingine ya kuwa nao, au doa la zambarau la saratani ya Kaposi kwenye kaakaa. Wauguzi waliozifanya kazi zile za miaka ya 1990 walijua mengi waliyoyaona wasiyoruhusiwa kuyataja.

Nieleze uchunguzi wenyewe unavyofanywa na mtu anayeujua, kwa kuwa ukiuona mara moja huwezi tena kuuita kazi ndogo. Unaanza kinywa kikiwa bado kimefungwa. Muuguzi anasikiliza sauti: ni ya kukwaruza, au ni ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni? Anatazama kama mgonjwa anapumua kwa pua au kwa mdomo, kama mate yanamezwa au yanadondoka. Mtoto mwenye homa kali aliyeketi ameinama mbele, kidevu kimetokeza, mate yanamtiririka, huyo haguswi kooni kabisa. Kile kifuniko cha njia ya hewa huenda kimevimba, na kijiti cha ulimi kinaweza kuifunga njia yenyewe. Anaachwa mapajani mwa mamake na msaada unaitwa.

Kwa wengine wote kazi huendelea. Mikono huoshwa, glavu huvaliwa. Midomo: rangi yake, pembe zilizopasuka kwa upungufu wa lishe. Ulimi juu, ulimi chini, maana chini ya ulimi na pembeni mwake ndiko saratani hupenda kujificha. Ndani ya mashavu. Fizi, na hapa kitabu cha kigeni humpotosha mwanafunzi: fizi zenye mabaka meusi kwa Mwafrika ni maumbile. Kinyume chake, upungufu wa damu, njano ya ini na ubuluu wa kukosa hewa, ambavyo ngozi nyeusi huvificha, vyote husomeka kwenye utando wa kinywa. Kisha kaakaa. Mgonjwa anasema "aaa", kimeo kinapanda katikati au kinavutwa upande mmoja, mafindofindo yanaonekana. Usaha, homa, na tezi za shingo zinazouma pasipo kikohozi huelekeza kwenye bakteria ya streptokoka, na bakteria hiyo isipotibiwa inaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Daktari wa Marekani, T. Duckett Jones, aliweka mwaka 1944 vigezo vya kuitambua homa hiyo, na vijana wa Afrika Mashariki bado wanafanyiwa upasuaji wa moyo kwa koo ambalo sindano ya penisilini ingelitosha.

Pua hupimwa tundu moja baada ya jingine, moja likizibwa kwa kidole. Kamasi ya tundu moja tu, yenye kunuka, kwa mtoto mdogo, mara nyingi ni shanga au punje ya maharagwe iliyosahauliwa ndani. Sainasi hukandamizwa kwa vidole gumba, chini ya nyusi na juu ya mashavu, huku uso wa mgonjwa ukitazamwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita hivi sainasi za paji la uso bado hazijakua, kwa hiyo kumkandamiza hapo hakumwambii mtu kitu. Mwisho ni shingo, tezi moja moja, na tezi lililovimba kwa wiki nyingi bila kuuma huuliza swali la kifua kikuu. Mwaka 1988 muuguzi wa Nebraska, June Eilers, na wenzake waliuweka uchunguzi wa kinywa katika mizani ya mambo manane, kuanzia sauti na kumeza hadi mate na meno, kila moja likipewa alama moja hadi tatu. Ulibuniwa kwa wagonjwa wa saratani, lakini sioni kwa nini karatasi yake isibandikwe ukutani Garba Tulla.

Isiolo ina sababu zake za kuuhitaji. Miraa kutoka Maua hupita hapa kila siku na nyingine hutafunwa hapahapa. Mdomo hukauka, sukari ya soda na chai hufuata, fizi hurudi nyuma. Tumbaku ya kutafuna na ugoro huacha alama nyeupe ndani ya mdomo zinazohitaji jicho la mara kwa mara. Vumbi na moshi wa kuni ndani ya manyatta huwasha pua mwaka mzima. Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, alichunguza katika miaka ya 1960 saratani ya nyuma ya pua miongoni mwa Wakenya, na dalili yake ya awali huwa ni uvimbe wa shingo usiouma au pua iliyoziba upande mmoja isiyopona.

Katika miaka hii, pua ya mnyama imerudi tena mbele. Mwaka 2012 kirusi kipya cha korona, MERS, kilitambuliwa Saudia, na ikabainika kwamba ngamia ndio wenyeji wake. Damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilikutwa na kinga dhidi yake. Marsabit, kati ya 2018 na 2020, watafiti waliofuatana na ngamia na wachungaji wao waliwapata wachungaji wachache wenye kirusi hicho bila kuugua. Mwaka 2022 na 2023 machinjio ya Isiolo yakawa kituo cha kazi ya namna hiyo: ngamia walipanguswa puani kwa vijiti vya pamba, wiki baada ya wiki kwa takriban mwaka mzima, ili ijulikane kirusi hupanda na kushuka lini. Katikati ya hayo, tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona ile nyingine, na kijiti cha pamba kikaingia puani mwa watu pia. Wauguzi waliokishika walijifunza kwa haraka kwamba pua hailengi juu kuelekea macho, bali huenda nyuma sambamba na kaakaa.

Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti. Isiolo, yenye watu 268,002 kwa sensa ya 2019 waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, ina hospitali ya rufaa mjini na tawi la KMTC. Ugatuzi ulileta majengo na pia migogoro. Mgomo wa wauguzi wa kaunti wa 2017 uliendelea kwa takriban miezi mitano nchini, na zahanati nyingi za mbali zilifungwa kabisa.

Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Watoto wakapangwa foleni, utepe wa rangi ukazungushwa mkononi, wale wa nyekundu wakapewa chakula cha tiba. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Noma huanza kama fizi zilizovimba na kutoa damu kwa mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, na ndani ya siku chache huweza kula shavu na mfupa; bila tiba huua wengi wa wanaoipata, na waliobaki hubaki na uso ulioharibika. Inaripotiwa zaidi katika ukanda wa Sahel, lakini hali inazozihitaji, njaa, surua na kinywa kisichotazamwa, si za Sahel peke yake. Ikigunduliwa fizi zikiwa bado zinatoa damu tu, antibiotiki za kawaida, kusukutua kinywa na chakula hutosha kuizuia. Mtoto yuko pale mbele ya muuguzi tayari, mkono wake umeshapimwa, mamake amemshika, jua lipo. Kilichobaki ni kumwambia afungue kinywa na kuandika kilichoonekana kwenye kadi ileile ya lishe, na hilo kaunti inaweza kuliagiza kuanzia msimu ujao wa ukame.